Betri za Chumbani kwa Mama

Mchafukoge, Dar es Salaam
7 Novemba 1994

Kaka Muaz,

Shikamoo. Huku sote wazima, isipokuwa yule unayetaka kusikia habari zake kwanza. Jumanne mama alibanwa tena na pumu. Umeme ulikatika jioni, ile mashine ya kupumulia uliyomletea ikabaki mezani na mipira yake kama mgeni aliyenyimwa chai. Tulimpa dawa ya kuvuta, haikushika. Tulimpepea, wapi! Muhiddin akambeba mkwewe mgongoni ngazi zote mpaka chini, tukapata teksi, tukamkimbiza hospitali. Asubuhi alirudi ananigombeza kwa nini nilimvalisha kandambili za rangi mbili mbele ya madaktari, ndipo nikajua amepona.

Sasa kaka, mgao huu haumalizwi kwa kuvumilia. Wanasema bwawa limekauka, tungoje mvua za huko juu. Ratiba inatangazwa redioni, lakini wanaoitangaza wenyewe hawaifuati. Mtaani kila duka limetoa jenereta mlangoni. Hapa chini kwetu Bwana Jamnadas wa vitambaa akiwasha ya kwake, moshi unapanda ngazi na kuingia ndani bila hodi. Ukisema na sisi tununue jenereta, tutakuwa tumemnunulia mama moshi wake mwenyewe.

Kuna fundi Gerezani, anaitwa Fikirini, anasema ipo njia ya betri. Betri mbili za lori, na kisanduku kinachogeuza umeme wa betri ukawa kama huu wa ukutani, wao wanakiita inveta. Umeme ukiwepo betri zinajichaji, ukikatika zinachukua kazi. Hakuna moshi wala kelele. Nimeuliza bei. Kaa kitako kwanza: ni kama kodi ya nyumba hii kwa mwaka mzima. Mimi na Muhiddin hatuiwezi peke yetu. Lakini nakuapia, siku ile mama alikuwa ananitazama hawezi hata kuniita jina. Nisaidie kupima.

Mdogo wako,
Dalia


Maskati
21 Novemba 1994

Dalia,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kama mtoto wa mama, nikalia. Mara ya pili nimeisoma kama mtu aliyewahi kununua redio Kariakoo, akafika nayo nyumbani, akafungua boksi na kukuta tofali limefungwa gazeti. Hayo yalinikuta mimi, si ya kusimuliwa. Kwa hiyo usinune nikiuliza.

Huyo Fikirini nani kamleta? Nabashiri ni shemeji yangu Muhiddin. Kwa nini betri mbili? Mashine ya mama naijua, niliipakata mwenyewe kwenye ndege, ndogo kama kibweta. Betri mbili za lori zinavuta lori. Au kuna kitu kingine kinachotaka kuvutwa? Maana hata huku habari zinafika kwamba televisheni sasa zimeingia Bongo kama njugu, na kwamba Muhiddin naye kaweka yake sebuleni. Mimi simshutumu mtu. Nasema tu, mwenye macho haambiwi tazama.

Nimepima. Kumlaza mama hospitali kila mgao ni ghali zaidi, na roho yake haina bei. Kwa hiyo inveta nitainunua huku, huko watakuuzia boksi tupu, na itakuja kwa mkono wa Bi Salha anayerudi mwezi ujao. Hela ya betri nitampa yeye pia akukabidhi wewe, mkononi mwako, si mwa mwingine. Masharti yangu haya: umeme wa betri ni wa mashine ya mama na taa moja ya chumbani kwake, basi. Si televisheni, si pasi, si feni ya mtu mwenye joto. Betri zikae chumbani kwa mama, chini ya macho yake. Na kila barua yangu inayohusu betri msomee mama yote, usiruke mstari, awe shahidi.

Kaka yako,
Muaz


Mchafukoge
18 Desemba 1994

Kaka Muaz,

Shikamoo. Bi Salha kafika, vitu vyote vimefika, hakuna tofali. Barua yako nimemsomea mama yote kama ulivyoagiza, na Muhiddin yuko pale pale mlangoni ameshika kikombe. Alikwenda kukiosha kikombe ambacho chai yake hata hakuinywa. Kaka, yule ndiye aliyembeba mama mgongoni. Nakukumbusha tu.

Haya, nikupe raha. Betri zimefungwa! Fikirini ni mtu mfupi mnyamavu, hakutaka hata soda. Amezipanga kwenye kibao pembeni ya kabati la mama, akaunga nyaya, akasema, "Bibi, zima swichi ya ukutani." Mama akazima. Mashine ikaendelea kuvuma. Mama akaitazama, akamtazama fundi, akasema, "Mwanangu umefanya kitu." Toka hapo umeme ukikatika yeye ndiye anayecheka mtaa mzima. Jasvanti, mke wa Jamnadas, kapanda kutoka chini kuja kutazama, kajishika mdomo, kasema mumewe anawasha lile dude lao linapiga kelele kutwa kumbe watu wanakaa na umeme wa kimya. Alipoondoka mama akasoma na kupuliza kila upande wa betri. Unamjua kwa mambo ya jicho. Alitaka hata kuzifunika na kanga, Fikirini alikuwa amemkataza, zinahitaji hewa.

Jambo moja. Betri hizi zina vifuniko juu, na ndani kuna maji yanayopungua kadiri zinavyofanya kazi. Fundi ametuachia chupa moja ya maji yake, anaiita maji ya betri, na kasema tukiona vibati vya ndani vinataka kuchungulia, tuongeze. Maji ya bomba marufuku. Mama ndiye aliyekabidhiwa kazi hiyo, anaifanya na tochi kila Ijumaa, huwezi kumsogelea. Kwa mgao huu wa kila siku, chupa haitafika mbali. Ukipata nafasi tuongezee kidogo tununue nyingine mbili tatu, huku mwisho wa mwaka kodi imetukalia kooni.

Dalia


Maskati
9 Januari 1995

Dalia,

Mawili yamenifikia kwa wakati mmoja, na yote mawili yananuka.

La kwanza, maji. Mdogo wangu, mimi gari langu hapa lina betri, mwaka wa pili huu, halijawahi kutiwa tone. Leo betri za Mchafukoge zinakunywa kama ngamia? Hiyo ndiyo janja ya mafundi wa Gerezani: anakufungia mtambo, halafu anakuachia kiu isiyoisha, kila mwezi unarudi kwake na pochi. Leo maji, kesho atasema betri zinataka maziwa. Maji sinunui. Usinunue hata wewe, na ukinunua usiniandikie.

La pili. Kuna mtu, simtaji, alipita barabara yenu wakati wa mgao. Mtaa mzima giza. Dirisha moja tu, la sebule yenu, lilikuwa linawaka ule mwanga wa buluu unaochezacheza. Sijui kama siku hizi mashine ya pumu inatoa mwanga wa buluu unaochezacheza. Muulize shemeji anijibu yeye.

Kama mlitaka niwalipie sinema mngesema. Mimi huku nasimama dukani kwa mtu mpaka miguu inavimba, si kwa ajili ya sinema ya Muhiddin. Na msomee mama barua hii, yote.

Muaz


Mchafukoge
6 Februari 1995

Kaka,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Barua yako niliisoma yote kama ulivyotaka. Muhiddin alikaa mpaka neno la mwisho. Nilimtazama nikitaka aseme si kweli. Hakusema si kweli, hakusema kweli. Nilimuuliza kama unavyouliza wewe, kwa sauti yako hiyo hiyo, Mungu anisamehe. Alifungasha nguo zake kwenye mfuko wa rambo akaenda kwa kaka yake Ilala. Mfungo umeanza bado hajarudi, nafuturu na mama peke yetu, uji umejaa sufuria.

Usifikiri nakuandikia kulalamika. Naandika kwa sababu betri zinakufa. Mwanzo zilikuwa zinamaliza mgao wote na bado zinadai kazi. Kisha zikawa zinafika nusu. Juzi nimewasha mashine, mama kavuta pumzi chache tu, inveta ikaanza kulia pii, pii, ikazima. Alikuwa katikati ya kubanwa. Nilimkalisha dirishani, nikampiga mgongo, nikamwomba Jasvanti amwambie mumewe azime jenereta apate hewa. Jamnadas alizima na wateja wamejaa dukani. Mama amepona, lakini midomo ilikuwa imebadilika rangi. Niliiona.

Sasa na mimi nimekuwa kama wewe. Usiku nalala nahesabu nani aliingia chumbani. Fikirini alikuja mara moja mwezi wa kwanza, akasema anakagua nyaya, mimi nilikuwa sokoni. Je, kama alizichukua nzuri akaweka mbovu? Rangi ni hiyo hiyo, lakini betri zote si zina rangi moja? Muhiddin alikuwepo siku hiyo. Nimemuuliza mama, kasema, "Mimi sikuona mtu kubeba kitu." Lakini kanijibu huku anatazama pembeni, na mama hatazamagi pembeni. Sijui anamficha nani.

Niambie nifanye nini. Naogopa mgao wa kesho.

Dalia


Maskati
18 Februari 1995

Dalia,

Nilijua! Tangu siku ya kwanza nilijua. Betri mpya haifi kwa miezi miwili ila imeibwa au imebadilishwa. Fundi alijua nyumba ina mwanya na mwanya wenyewe ni mumeo. Mama anamficha mkwewe asivunje nyumba yako, ndiyo tabia yake, atameza mwiba na asikohoe.

Sasa sipimi tena. Baada ya Idi naomba ruhusa, nakuja na tiketi mbili, ya kwangu ya kurudia na ya mama. Huku umeme haukatiki, mama atakaa kwangu. Nyumba ya Mchafukoge rudisheni kwa mwenyewe, mama ndiye mpangaji, na asiyekuwepo halipi kodi. Wewe uamue kama unakwenda Ilala kwa huyo mtu.

Fikirini mwite, mkabili mbele ya mama. Akishindwa kueleza, kituo cha polisi kiko karibu.

Muaz


Mchafukoge
1 Machi 1995

Kaka Muaz,

Shikamoo. Nimefanya ulivyosema na natamani nisingefanya.

Nilimwita Fikirini. Nilimtuma mtu Ilala kumwita Muhiddin pia, wakabiliane. Mama alikuwa kitandani na tasbihi yake. Nikamwambia fundi, mbele ya watu wote, betri hizi si zile. Hakubisha. Alipiga magoti, akazigeuza, akanionyesha alama aliyoikwaruza kwa msumari siku ya kufunga, huwa anaweka kila betri anayoifunga kwa sababu watu kama mimi wapo. Zilikuwa zile zile. Kisha akafungua vifuniko, akamulika. Akachovya kijiti, akautazama ukoga mweupe uliogandia. Akauliza, "Nani ametia maji ya chumvi humu?"

Mimi, kaka, nilimgeukia Muhiddin. Mume wangu. Nikasema, "Umetukomoa kwa hasira." Na fundi nikamwambia ni mwizi na mwongo, wamepanga wote wawili. Nilipiga kelele mpaka Jasvanti akapanda ngazi. Fikirini akakusanya bisibisi zake, akasema, "Bibi, mfungo mwema," akashuka. Muhiddin akamfuata. Tasbihi ya mama ilikuwa inakwenda, lakini midomo yake haikuwa inasoma.

Sasa nikuambie la mwanga wa buluu, maana nimechoka kulibeba. Ni kweli. Ilikuwa mara moja. Bi Salha alimletea mama mkanda wa video wa hija. Mama akasema anataka kuiona tena Maka kabla hajafa, na siku ile umeme ulikuwa umekatika. Muhiddin alisita, alisema, "Muaz amekataza." Mama akamwambia avute waya. Walikaa wawili, mama analia, Muhiddin anamshikia leso. Kisha mama akatuapisha tusiseme, usije ukaona amekula amana yako. Muhiddin alikubali kuitwa mwizi na kaka na mke kuliko kuvunja ahadi ya mama. Na mimi niliyejua, nilimuuliza kama nisiyejua, nikamwacha aende Ilala.

Hiyo chumvi sijui ilitoka wapi. Sijui kabisa. Mama kaniomba karatasi na kalamu, kanitoa chumbani kwake, kafunga mlango. Nitaingoja barua yake ije pamoja na hii, hata ikiwa baada ya Idi.

Dalia


Mchafukoge
Mfungo mosi, Idi pili

Mwanangu Muaz,

Salamu na dua. Naandika mwenyewe, kwa mkono wangu. Usiulize nani kaniandikia, wala usitafute shahidi.

Wewe uliamuru kila barua nisomewe, na nilisomewa. Niliisikia ile ya maji. Chupa ya fundi ilikuwa imebaki vidole viwili. Yalipokwisha nilifungua vifuniko na tochi yangu, nikaona vibati vimechungulia, vikavu, kama alivyosema tusiache. Nimwambie Dalia? Angekuandikia, na wewe ungejibu, na mimi ningesomewa jinsi watoto wangu wa tumbo moja wanavyovuana nguo kwa chupa ya maji. Nimwambie Muhiddin? Tayari ulikuwa umemtia wizi. Maji ya bomba fundi alikataza. Nikakaa kitandani nikafikiri, ni maji gani ndani ya nyumba hii hayana uchafu, hayana jicho, hayana hiana?

Unayajua. Lile dumu dogo la uvunguni nililokuja nalo kutoka hija. Nikapiga bismillahi, nikamimina tundu kwa tundu Zamzam yangu, kila Ijumaa kidogo, na dua zako ndani yake. Wiki ya kwanza mashine ilivuma vizuri, nikajiona nimepata dawa iliyomshinda hata fundi. Nikafurahi peke yangu kama mjinga.

Alipouliza nani ametia chumvi, nilifahamu. Niliona haya, Muaz. Uzee huu, hija hii, nikamwacha mtoto wa watu aitwe mwizi mbele yangu, na mkwe wangu aliyenibeba mgongoni atoke mlangoni mara ya pili. Sikulala. Siku ya Idi, baada ya sala, nilimwomba Jasvanti anishike mkono tukashuka ngazi, tukachukua teksi. Kwanza Ilala. Muhiddin alinibusu mkono kabla sijamaliza kuomba radhi. Amerudi nyumbani, anakula biriani ya jana na Dalia anamwangalia kama bwana harusi. Kisha Gerezani. Fikirini alikuwa na karakana imefungwa lakini yumo ndani. Nikamweleza. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alisema, "Bibi, yale maji ya baraka yametoka mwambani, yana madini na chumvichumvi, betri inataka maji matupu. Ungeniambia tu. Chupa yangu ni bei ya mkate, na wewe ningekupa bure."

Bei ya mkate, Muaz. Umeokoa mkate, umepoteza betri mbili za lori. Hiyo ndiyo biashara wanayofundisha Maskati?

Fundi anasema hazifufuki. Kaniazima moja kuukuu ya kwake mpaka tupate nyingine, kaibeba mwenyewe mpaka juu, na safari hii soda aliinywa. Betri mpya utanunua wewe, kwa sababu ni wewe uliyeziua, mimi nilimimina tu. Ukiona ghali, panga kwenye mizani pamoja na midomo yangu siku ile ilipobadilika rangi. Dalia aliiona. Wewe ulikuwa unahesabu.

Tiketi yangu uza. Sihami hapa. Huko mtanipa umeme usiokatika na nitakaa kutwa nawasikiliza mkiulizana nani kafungua friji.

Njoo wewe. Ila usije mikono mitupu. Dumu lile la Zamzam nilikuwa nimeliweka kwa siku yangu, nitiwe tone mdomoni roho ikitoka. Sasa ni tupu, nimeliosha nimelianika dirishani. Pita Maka kwanza, ni karibu na huko, unijazie. Ukifika Dar pita Gerezani kwa Fikirini, umwombe radhi kwa mdomo wako, na ununue chupa yake ya maji ya betri. Ziandike zote mbili majina, nisichanganye tena.

Na kama hela yako inatosha moja tu, baba, anza na ya betri. Ile ya kufia inaweza kungoja. Mimi kwanza nataka kupumua.

Mama yako,
Mwanamize